Nikiwa pembeni anaweza, nikiinuka anaacha: kumwandalia mtoto mwenye usonji kazi za kujitegemea

Swali: Shikamoo mwalimu. Mwanangu ana miaka saba, ana usonji na maneno anayosema ni machache. Nikikaa naye mezani anapanga rangi, anaoanisha picha, anatumbukiza vifungo kwenye kopo bila shida. Lakini nikiinuka tu, hata kama ni kwenda kufungua mlango, naye anaacha. Mara nyingine anamwaga kila kitu sakafuni. Nimempa kazi rahisi zaidi, nimemwahidi zawadi, wapi. Nimwandalie kazi za namna gani ili azianze na kuzimaliza mwenyewe? Je, kuna vifaa maalumu vya kununua? Na shuleni niwaambie nini?

Jibu: Marahaba, mama. Katika maelezo yako kuna habari njema ambayo huenda uchovu umekuficha: mwanao kazi anaijua. Mtoto anayepanga rangi ukiwa hapo hawezi kuzisahau rangi kwa sababu umekwenda mlangoni. Ndiyo maana kumpunguzia ugumu hakukufaa kitu, na zawadi nayo haikufaa. Tatizo haliko kwenye ugumu wala kwenye hamu. Liko kwenye jinsi kazi yenyewe ilivyoandaliwa: wewe umo ndani yake.

Fanya hivi mtakapokaa tena mezani. Acha kumtazama mikono, mtazame macho. Akishaweka kitu cha kwanza, macho yanakwenda wapi? Nina hakika kubwa yatakuja kwako. Nawe utaitikia kwa kichwa, au utasema "vizuri", au utasogeza kopo kidogo, au utagusa kifungo kinachofuata kwa ncha ya kidole bila hata kujua umekigusa. Kwako huo ni upendo wa mama. Kwake ni hatua ya kazi. Amejifunza kwamba kazi hii inakwenda hivi: naweka, mama anaashiria, naweka, mama anaashiria. Ukiondoka, nusu ya hatua zimeondoka nawe, na anasimama pale pale zilipokatikia.

Kwa hiyo unachotakiwa kufanya ni kimoja, na mengine yote nitakayokueleza yanatoka humo: kila unachomweleza kwa mdomo, kwa jicho au kwa kidole, kitafutie mahali pa kukaa ndani ya vifaa vyenyewe. Kazi ndiyo imweleze.

Jambo hili lina historia, na inafaa uijue kwa sababu inakuhusu kama mzazi. Mwaka 1966, katika Chuo Kikuu cha North Carolina huko Chapel Hill, Marekani, Eric Schopler na Robert Reichler walianzisha mradi wa kufanya kazi na watoto wenye usonji pamoja na wazazi wao. Zama zile walikuwapo wataalamu waliowaambia akina mama kwamba usonji wa watoto wao umeletwa na ubaridi wao wenyewe. Schopler alilikataa hilo waziwazi, akawakaribisha wazazi wawe wenzake katika kufundisha. Mwaka 1972 jimbo hilo likaufanya mradi kuwa huduma ya jimbo zima, ndiyo inayojulikana hadi leo kwa jina la TEACCH. Moja ya mambo waliyoyaona mapema ni kwamba watoto hawa walijifunza vizuri zaidi pale shughuli zilipokuwa na mpangilio unaoeleweka kuliko pale walipoachiwa huru. Utaratibu wa kazi za kujitegemea ninaokueleza hapa umekuzwa kutoka kwenye mizizi hiyo.

Kwa nini mpangilio unaoonekana unawafaa? Neno likishatamkwa limekwisha. Mtoto aliyechelewa kulishika hana pa kulitafuta. Kitu kilichowekwa mezani kinabaki pale pale, kinamsubiri. Watoto wengi wenye usonji, ingawa si wote, hushika kwa wepesi zaidi wanachokiona kuliko wanachokisikia. Tena wengi wao huelemewa na mambo ambayo sisi hatuyahesabu kuwa ni kazi: kuanza, kujua kipi kinatangulia, kuhama kutoka jambo moja kwenda jingine. Mtoto anaweza kujua kila hatua na bado akakwama kwenye kuanza tu. Huo si ukaidi, na naomba nyumbani kwako neno hilo lisitumike juu yake.

Kazi ya kujitegemea inapaswa kumjibu mtoto maswali manne bila mtu kufungua mdomo. Nifanye nini? Kiasi gani? Nitajuaje kwamba nimemaliza? Nikimaliza, kinafuata nini? Likibaki hata moja bila jibu, atamtafuta mtu mzima amjibu, au atajijibu mwenyewe. Ule mmwago wa vitu sakafuni mara nyingi ni jibu lake la swali la tatu. Haoni kazi inaishia wapi, basi anaimaliza kwa njia ambayo yeye anaimudu.

Sasa tuje kwenye kuchagua. Kanuni ya kwanza, na wengi huivunja kwa nia njema, ni kwamba kazi ya kujitegemea haifundishi jambo jipya. Jipya hufundishwa mkiwa wawili, ana kwa ana, ukiwa na muda na subira. Kikishamkaa, kiasi kwamba anakifanya sawasawa karibu kila mara, ndipo kinahamia upande wa kujitegemea. Pale anajifunza kitu kingine kabisa: kuanza, kuendelea na kumaliza bila mtu. Ukimpa vyote viwili kwa mpigo, kazi ngumu na upweke, hutajua kilichomshinda ni kipi. Kwa hiyo kupanga rangi, kuoanisha picha, kutumbukiza vifungo, vyote ulivyovitaja vinafaa kuanzia. Ziwe kazi zenye mwisho unaoonekana. Kuchora, kucheza na udongo wa kufinyanga, kupanga matofali ya kuchezea atakavyo, hizo ni shughuli nzuri lakini hazina ukomo, na kwa kuanzia hazitakusaidia.

Tuchukue kazi moja tuijenge kwa mikono yetu: vibanio vya nguo na alama za rangi. Mtoto anabana kibanio chekundu kwenye alama nyekundu, cha kijani kwenye alama ya kijani. Naipenda kazi hii kwa sababu inavipa vidole nguvu ile ile atakayoihitaji kufunga vifungo vya shati na kushika penseli.

Namna inavyoandaliwa mara nyingi ni mfuko wa vibanio na kadi ngumu yenye alama pembezoni, basi. Angalia yatakayotokea. Mfuko una fundo, na kufungua fundo hakumo katika anayoyajua, kwa hiyo kabla hajaanza amekwishakugeukia. Akishafunguliwa anakuta vibanio ishirini, alama ni nane. Kadi inajaa, mkononi bado ana kumi na viwili, na hakuna kinachomwambia kwamba hivyo vilivyobaki si vya leo. Kadi inateleza kila anapobana, inataka mkono wa pili wa kuishikilia, na mkono huo umekuwa wako. Vibanio vingine springi zake ni ngumu, akishindwa kimoja anavirusha vyote. Hapo utasikia watu wakisema mtoto hawezi kutulia. Mimi naona kazi iliyomtaka mtu mzima mara nne kabla haijakwisha.

Tuipange upya. Tafuta trei yenye kingo, au boksi la viatu uliloondoa mfuniko. Upande wa kushoto gundisha bakuli pana la plastiki, la kina kifupi, ili vilivyomo vionekane vyote kwa mara moja. Upande wa kulia gundisha kiboksi kidogo kigumu, na kwenye ukingo wake bandika alama nane, mbili mbili kwa rangi nne anazozitofautisha bila kusita. Kama bluu na zambarau humchanganya, moja isiwepo. Kila alama iwe na upana ambao kibanio kikibanwa kinaifunika yote, ili iliyokwisha isionekane tena na ile inayosubiri ibaki inang'aa. Ndani ya bakuli weka vibanio vinane. Visizidi hata kimoja. Kila kibanio kijaribu kwa vidole vyako viwili vidogo. Kikikusumbua wewe, kitamshinda yeye.

Ukiitazama trei hii utaona imesema mengi. Vitu vimetengwa, vya kutumia kushoto, pa kuviweka kulia. Rangi zinamwambia nini kinakwenda wapi. Bakuli likibaki tupu na alama zikifunikwa zote, kazi imekwisha, na mwisho huo ameuona kwa macho mara mbili. Hakuna kinachohama ovyo wala kinachohitaji kushikiliwa. Hiyo gundi ndiyo iliyochukua nafasi ya mkono wako.

Kuoanisha picha nako kunataka marekebisho ya aina hiyo hiyo. Picha za kuoanishia zibandikwe kwenye ubao mmoja kwa mistari, na zile za kuweka zishikwe kwa velkro, ule utepe wa kunata na kubandua, ili zisipeperuke wala zisiteleze. Picha zenyewe ziwe na mandhari nyeupe, kitu kimoja katikati. Picha ya mtoto aliyeshika mpira bustanini ina mtoto, mpira, nyasi na anga, na mwanao anaweza kuamua kwamba la maana hapo ni anga. Vifungo vya kutumbukiza: kopo liwe na mfuniko wenye tundu linalopitisha kifungo kimoja tu, tena mfuniko ukazwe kwa gundi ya karatasi ili asiufungue kuvimwaga avirudie.

Ukishakuwa na kazi mbili au tatu za namna hii, panga mahali. Meza ndogo, miguu ya mtoto ikanyage chini au juu ya kigoda, mbele yake ukuta usio na mapambo mengi. Watu wengine hudhani kumgeuzia ukutani ni kumwadhibu. Hapana, ni kumpunguzia vitu vinavyogombania macho yake, na kama mwanao hasumbuliwi na vinavyopita mbele yake huna haja ya kumgeuza. Kushoto kwake ziwe kazi, kila moja kwenye chombo chake. Kulia kwake, chini au juu ya meza ya pembeni, liwe boksi kubwa la vilivyokwisha. Anachukua cha kwanza kushoto, anafanya, anakitia kulia, anarudi kushoto. Kushoto pakibaki patupu hakuna kazi tena. Hilo ndilo jibu la "kiasi gani", na kwa mtoto anayeanza linatosha. Baadaye ataweza kutumia kadi: ukanda mdogo mbele yake wenye duara, nyota na pembetatu, na kila chombo kina alama inayolingana na mojawapo, anang'oa duara, analibandika kwenye chombo chenye duara, hicho ndicho cha kwanza. Watoto wanaosoma hutumia orodha ya maandishi wanayoikata kwa kalamu. Usikimbilie kadi kwa sababu zinapendeza. Anza pale ambapo mwanao yupo.

Swali la nne, kinachofuata, wazazi hulisahau mara nyingi kuliko mengine. Karibu na boksi la vilivyokwisha weka kitu halisi au picha inayomwonyesha kinachokuja baada ya kazi: mpira, kama mtatoka nje kucheza, kitambaa anachopenda kukishika, kitabu chake. Na kifuate kweli, papo hapo. Kitu hicho hukiiti zawadi wala hukitumii kumtishia. Ni habari tu kwamba baada ya hapa ni pale.

Kumfundisha utaratibu huu ndiko kunakotaka nidhamu yako zaidi kuliko yake. Simama nyuma yake, si pembeni wala mbele. Msaada unaotoka nyuma hauna uso, kwa hiyo hawezi kuuzoea kama ishara ya kusubiri. Nyamaza kabisa. Kama anaridhia kuguswa, ongoza kiwiko chake kwa wepesi kuelekea kushoto kwenye chombo. Kama hapendi kuguswa usimlazimishe hata kidogo, nyoosha kidole juu ya bega lake kuelekea kwenye kitu, kisha uondoe mkono. Usijibu macho yake. Najua hilo litakuuma. Akigeuka kukutafuta, wewe tazama kazi, naye ataishia kutazama kazi.

Punguza msaada kuanzia mwisho kurudi mwanzo. Siku za mwanzo muongoze mpaka kibanio cha mwisho, halafu trei aitie mwenyewe kwenye boksi la kulia. Hilo likimkaa, muachie na vibanio viwili vya mwisho. Kisha vinne. Mwishowe unabaki na kitu kimoja tu, kumwelekeza achukue chombo cha kwanza, nacho kikiondoka anafanya yote. Uzuri wa kwenda hivi ni kwamba kila mara sehemu anayoifanya peke yake ni ile inayoishia kwenye kumaliza. Baada ya hapo ndipo uanze kusogea: hatua moja nyuma, kisha kiti chako kwenye kona, kisha mlangoni, kisha chumba cha pili huku mlango ukiwa wazi. Usiage unapoondoka, na usitangaze unaporudi.

Vipo vitu vitatu vidogo vinavyoharibu kazi nzuri, na vyote hufanywa na watu wanaompenda mtoto. Cha kwanza ni sifa katikati ya kazi. "Hongera baba!" kwenye kibanio cha tatu inamgeuza shingo na kumrudisha kwenye mazoea ya kusubiri. Ziweke hongera zote mpaka boksi la kulia limepokea cha mwisho, hapo umshangilie utakavyo. Cha pili ni kuibomoa kazi mbele yake. Akiona umevitoa vibanio na kuvirudisha bakulini, anajifunza kwamba alichomaliza hakikumalizika. Vitenganishe usiku akiwa amelala. Cha tatu ni maneno "tena kimoja tu". Ulimwonyesha kazi mbili, amefanya mbili. Ukimwongezea ya tatu kwa sababu leo amechangamka, umevunja ahadi ambayo trei zako zilimpa, na kesho atazitilia shaka. Ukitaka tatu, ziwe tatu tangu mwanzo.

Akikosea je, akibana kibanio cha njano kwenye kijani? Muache. Muache amalize, aitie kulia, aende kucheza. Kumrekebisha pale kunakurudisha ndani ya kazi. Baadaye kaa na trei ujiulize: rangi zinakaribiana? Taa ya chumba inazififisha? Kosa likijirudia pale pale, ama kifaa kina hitilafu ama ujuzi ule haujamkaa. Urudishe kwenye meza ya kufundishia mkiwa wawili.

Kusimama kwake nako kunasomeka. Akisimama kabla hajaanza, mara nyingi haoni pa kuanzia, basi mwanzo uutie alama: kitu cha kwanza kikae peke yake mbele ya vingine. Akisimama katikati, hesabu imekuwa ndefu. Toa nusu, umrudishie kidogo kidogo. Akiwa amefika mwisho lakini hainuki, hajaelewa boksi la kulia. Akimaliza haraka sana na kuanza kuzunguka chumba, kazi imekuwa nyepesi kuliko alivyo, na hilo pia ni kosa letu. Akivipanga vibanio mstari mmoja mrefu badala ya kuvibana, huenda kupanga mstari kunampa raha kuliko kazi uliyompa. Mwandalie kazi ambayo kupanga mstari ndiyo yenyewe, kama kuweka kofia za chupa kwenye vitundu vilivyo kwenye mstari, halafu mpe na muda wake wa kupanga mistari huru. Na akilia au kuziba masikio, acha kufikiria trei. Huenda kuna sauti, harufu, njaa au maumivu ambayo hana maneno ya kuyasema, na kazi isubiri.

Wengi watakushauri utumie kile anachokipenda sana. Nakubali, kwa tahadhari. Kama anapenda magari, picha za magari za kuoanisha zitamvuta mezani. Lakini gari lenyewe la kuchezea, lile analolala nalo, usilifanye kipande cha kazi, kwa sababu atatakiwa kuliweka ndani ya boksi na kuliacha, na hataliacha. Kipendwacho kikae kwenye picha au rangi ya kazi, au kiwe ndicho kinachofuata baada yake.

Utaratibu ukishatulia, anza kubadilisha vitu huku utaratibu wenyewe ukibaki. Wiki moja vibanio vya mbao, nyingine vya plastiki. Picha za viatu badala ya magari. Kazi ya kwanza iwe ya pili. Usipofanya hivyo atajua kubana vibanio vile kwenye kiboksi kile, na siku kiboksi kikipasuka ujuzi wote unaondoka nacho. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, si trei nzima kwa siku moja.

Na hapa naomba uniruhusu nisisitize, kwa sababu nimeona watoto wakiwa vijana wakubwa wamekaa mezani wakitenganisha vifungo vile vile walivyotenganisha wakiwa na miaka mitano. Hiyo haifai. Kazi hizi zinatakiwa zimwongoze mahali. Anayeoanisha rangi aende kwenye kuoanisha soksi. Anayetenganisha vifungo aende kwenye kutenganisha vijiko na uma kwenye droo. Anayefuata picha tatu kwenye ukanda aende kwenye picha tatu za kunawa mikono, kisha za kukunja taulo, kisha za kupanga mkoba wa shule. Mkeka wa mezani uliochorwa mduara wa sahani na umbo la kijiko unamwezesha mtoto wa umri wake kuandaa meza ya familia nzima bila neno. Ni trei ile ile, imehamia kwenye maisha. Kila unapobuni kazi mpya jiulize itamsaidia wapi akiwa na miaka kumi na mitano.

Kuhusu vifaa vya kununua: huna haja. Vipo seti zinazouzwa na nyingine ni nzuri, ila zimetengenezwa kwa mtoto ambaye muuzaji hajamwona. Maboksi ya viatu, makopo, kofia za chupa, trei za mayai, vibanio, kadibodi, gundi na velkro vinatosha kwa muda mrefu. Fedha utakayookoa, ukiweza, itumie kumwona mtaalamu wa tiba-kazi, yule anayewasaidia watu kumudu shughuli za kila siku, akuangalizie nguvu ya vidole na namna mtoto anavyokaa.

Kujitegemea si kuachwa bila mwangalizi. Mtoto anayetia vitu mdomoni asipewe vifungo, shanga wala chochote kinachoweza kumkaba, hata kama kazi yake ameiweza vizuri namna gani. Tumia vitu vikubwa kuliko koo lake. Betri ndogo bapa na sumaku ziwe mbali kabisa, zikimezwa zinadhuru vibaya. Hata utakapokuwa chumba cha pili, sikio lako libaki mezani. Na meza hii isiwe mahali pa kumweka ili nyumba ipate utulivu. Dakika tatu za kufanya mwenyewe, kisha mpira nawe uwanjani, zina thamani kuliko saa nzima ya trei. Muda wa kucheza nawe, wa kuzungumza kwa njia yoyote anayoiweza, na wa kujifunza mapya ana kwa ana, usipunguzwe kwa sababu ya kazi hizi.

Weka daftari dogo karibu na meza. Usiandike "leo vizuri" au "leo vibaya", hayo hayatakusaidia. Andika ulimsaidia wapi: kuchukua chombo, kibanio cha tano, kutia boksini. Baada ya majuma mawili daftari litakuonyesha sehemu moja inayojirudia, na hapo ndipo pa kurekebisha kifaa.

Shuleni usiende na maelezo marefu. Nenda na trei moja anayoimudu, na umwombe mwalimu nafasi ya mwanao kuifanya mbele yake kuanzia kushoto mpaka boksi la kulia, wote mkiwa nyuma mmenyamaza. Kisha mkubaliane mambo mawili: upande wa kushoto na kulia uwe ule ule wa nyumbani, na alama ya boksi la vilivyokwisha ifanane na ya kwenu, rangi ile ile. Kazi zenyewe mwalimu achague zake, kutokana na anayofundisha darasani. Kama kuna msaidizi anayekaa na mwanao, yeye ndiye wa kumweleza kwanza kuliko wote, maana ndiye mkono wake upo karibu na trei kutwa nzima. Mwonyeshe pa kusimama.